Mwenye Maneno na Mwenye Sauti: Ushirika wa Utunzi katika Nyimbo za Taarab

Wachunguzi wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuandika jina moja juu ya kila utungo. Desturi hiyo yafaa kwa utenzi, na yafaa kwa shairi la diwani ambalo mtunzi wake alilitunga peke yake, akalitia jina lake na kulipeleka kwa mchapishaji. Ilipohamishiwa katika nyimbo za taarab, desturi hiyo ilizaa makosa. Wimbo wa taarab aghalabu umepitia mikono miwili au zaidi: yuko aliyetunga maneno, yuko aliyeyatia mahadhi, na yuko aliyeyapa sauti yake mbele ya watu. Pengine mtu mmoja hufanya kazi mbili kati ya hizo. Ni nadra mmoja kuzifanya zote tatu kwa ubora ule ule. Hata hivyo jina linalobaki vinywani mwa wasikilizaji ni la mwimbaji, na jina linaloingia katika maandishi ya wataalamu ni la yule aliyekuwa karibu na kalamu siku hiyo.

Madai ya makala haya ni kwamba ushirika wa mtunzi na mwimbaji si habari ya pembeni, ya kutajwa katika dibaji na kusahauliwa. Ni jambo lililomo ndani ya lugha ya wimbo wenyewe. Mhakiki asiyeutambua atamtia mtunzi lawama kwa makosa yasiyo yake, na atamsifu mwimbaji kwa maneno ambayo hakuyatunga. Tena atashindwa kueleza kwa nini shairi lililo zuri kitabuni huweza kuwa zito kinywani, na shairi linaloonekana jepesi kitabuni huweza kuwatoa watu machozi ukumbini.

Vitenzi vya kazi hii

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuzipanga kazi hizi, kwa njia ya mnyambuliko, kabla ya wataalamu kuanza kuzigombania. Kutunga ni kazi ya mtu mmoja na maneno yake. Ndilo neno lile lile litumikalo kwa shanga na uzi. Kutungia kwahitaji watu wawili, yaani mtunzi na mtungiwa, na mtungiwa huyo aweza kuwa mwimbaji atakayeimba, au bibi arusi atakayeimbiwa, au mtu atakayesemwa. Kutungisha ni jambo jingine tena: ni kazi ya mwenye kisa asiye na fani, ambaye humwendea mwenye fani ili kisa chake kipate umbo. Na kutungiana ni mchezo wa wajuzi wawili walio sawa, wanaopeana tungo au kujibizana kwa tungo.

Kila kimoja katika vitenzi hivi chaonyesha mafungamano mengine baina ya watu, na kwa hiyo chaonyesha namna nyingine ya kumiliki maneno. Aliyetungisha husema wimbo ni wake kwa kuwa kisa ni chake. Aliyetunga husema ni wake kwa kuwa vina na mizani ni vyake. Aliyeimba hana haja ya kusema neno, maana umma umekwisha kumpa. Mhakiki aandikaye tu kwamba wimbo fulani ni wa fulani, asifafanue ni wake kwa kitenzi kipi, amezifunika haki tatu kwa neno moja dogo la umiliki.

Nyumba ya Siti

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880, katika watu wa kufinyanga na kuuza vyungu. Akafariki mwaka 1950. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, akatia sauti yake katika sahani za santuri, na sahani hizo zikalitangaza jina lake pwani nzima na bara. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliotokea mwaka 1958, na kwa kitabu hicho Siti akawa mfano wa mtu aliyepanda kutoka unyonge hadi heshima kwa juhudi na kipaji chake mwenyewe.

Hapana mtu awezaye kuipinga heshima hiyo. Lakini namna wasifu ulivyopangwa, wenye shujaa mmoja na njia moja, ndiyo iliyowafundisha wasomaji wengi kuzihesabu nyimbo zile kuwa zimetoka katika kifua kimoja. Siti hakujua kusoma wala kuandika; alifundishwa kuimba na akazihifadhi nyimbo kwa moyo, za Kiarabu na za Kiswahili. Pamoja naye walikuwako mafundi kama Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 2001, ameeleza jinsi kundi hili lilivyokuwa likikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, na jinsi mazungumzo ya mji yalivyoingia nyumbani humo na kutoka yakiwa nyimbo.

Uchukuliwe wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti, ambao wasimulia kisa cha kuuawa kwa mwanamke mgeni na mambo yaliyofuata mahakamani. Kisa hicho kilikuwa cha mji kabla hakijawa cha mtunzi. Watu walikuwa wamekwisha kukisema mabarazani, wakachagua nani wa kulaumiwa na nani wa kuonewa huruma. Kilipofika nyumbani kwa Siti kilikuwa tayari kina nusu ya umbo lake. Kazi ya kundi ilikuwa kukikata kwa vipimo vya beti na kukipandisha juu ya mahadhi. Kumwuliza mtafiti ni nani aliyetunga wimbo wa namna hiyo ni kumwuliza swali ambalo halina jibu la jina moja.

Je, basi Siti apunguziwe sifa? Sivyo. Kinachotakiwa ni sifa zake ziwekwe mahali pake. Mwimbaji asiyeandika hana karatasi ya kumkumbusha. Neno lisilokaa vizuri ulimini mwake halikumbukwi, na neno lisilokumbukwa haliimbwi. Kwa hiyo kumbukumbu yake ilikuwa chujio. Wenzake waliotunga walitunga wakijua kuwa maneno yao yatapita katika chujio hilo, na bila shaka waliyachagua kwa kulihofu. Huo ni utunzi pia, ingawa haukuacha alama ya kalamu.

Majina mawili ya Mvita

Mfano wa pili watoka Mombasa, na una faida kubwa kwa mchunguzi kwa kuwa pande zote mbili zinafahamika kwa majina. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni mshairi ambaye diwani zake zimesomwa na wataalamu wa nchi nyingi: tungo zake zilichapishwa Marekani mwaka 1966 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries, na mwaka 1971 ikatoka diwani ya Malenga wa Mvita. Mohamed Khamis Juma Bhalo, wa ukoo huo huo, aliyejulikana na wengi kwa jina la Juma Bhalo tu, alikuwa mwimbaji wa taarab ambaye sauti yake ilitawala arusi za pwani ya Kenya kwa miaka mingi; alifariki mwaka 2014. Mashairi mengi ya yule wa kwanza yaliimbwa na huyu wa pili.

Jina la ukoo limewachanganya watu wengi. Diwani yamtaja mshairi kuwa Ustadh Bhalo. Kanda yamtaja mwimbaji kuwa Juma Bhalo. Na msikilizaji wa mbali hudhani ni mtu mmoja. Kosa hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Yule anayedhani ni mtu mmoja amesikia kitu cha kweli, maana katika nyimbo zilizo bora hapasikiki mshono baina ya aliyetunga na anayeimba. Lakini kutosikika kwa mshono ni ushahidi wa ufundi wa mshonaji. Si ushahidi kwamba nguo haikushonwa.

Kazi ya ushirika huu ilikuwa na ugumu wake. Juma Bhalo alikuwa hodari wa mahadhi ya Kihindi, yaliyotoka katika filamu zilizoonyeshwa pwani, na alijulikana kwa kuyatia maneno ya Kiswahili. Sasa mahadhi yaliyotungiwa Kihindi yamepimwa kwa lugha ambayo urefu wa irabu hubadili maana ya neno. Silabi fupi na silabi ndefu zina mahali pake palipowekwa. Kiswahili hakina mpango huo. Nguvu ya neno la Kiswahili iko katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mzaliwa wa lugha huisikia bila kufundishwa. Shairi la Kiswahili nalo huhesabu mizani, yaani idadi ya silabi, wala halihesabu uzito wake. Kwa hiyo mshairi aweza kuwa ametimiza sheria zote za bahari, na maneno yake bado yakagombana na mahadhi.

Mizani na mahadhi

Ugomvi huo waweza kuonyeshwa kwa mfano uliotengenezwa kwa ajili ya maelezo haya tu. Uchukuliwe mshororo huu wa mizani kumi na sita, wenye vipande viwili vya nane nane:

Chombo kikitoka pwani, rubani hana kulala.

Kwa sheria za utunzi mshororo huu hauna ila. Mizani zimetimia, na maana yake ni safi. Sasa yawekwe mahadhi ambayo katika kila kipande yana mvuto mrefu juu ya sauti ya nne na ya nane. Katika kipande cha kwanza mvuto waangukia silabi ya pili ya neno "kikitoka". Mwimbaji atalikata neno hilo katikati, na baada ya kituo msikilizaji atasikia "toka pwani", kama kwamba mtu anafukuzwa. Katika kipande cha pili mvuto waangukia "ha" ya neno "hana". Baada ya kituo msikilizaji atasikia "na kulala". Kikanushi kimebaki upande mmoja wa pumzi na kitendo upande wa pili, na rubani aliyesifiwa kwa kukesha sasa asikika akilala. Mtunzi hakukosea, wala mwimbaji hakukosea. Walichokosa ni kukutana.

Mtunzi aliyezoea kuwatungia waimbaji ataupanga mshororo upya, labda hivi:

Chombo chetu kikitoka, manahodha hawalali.

Hesabu ya mizani ni ile ile, lakini sasa kila kipande kimegawanyika nne kwa nne, na kila mvuto waangukia mwisho wa neno, mahali ambapo pumzi yaweza kutua bila kuua maana. Msomaji ataona kuwa mabadiliko hayo hayakuishia katika sauti. Chombo kilichokuwa chombo chochote, kama katika methali, sasa ni "chetu". Rubani mmoja amekuwa manahodha wengi. Pwani imetoweka. Neno "chetu" liliingizwa kwa haja ya silabi mbili, kisha likaigeuza kauli ya hekima ikawa kauli ya jamaa. Na kwa kuwa vina vimebadilika, kutoka "ni" na "la" kuwa "ka" na "li", mishororo mingine ya ubeti nayo haina budi kutungwa upya. Kazi hiyo mwimbaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kuifanya kwa kubahatisha jukwaani. Yahitaji mtu ambaye fani ya vina ndiyo kazi yake.

Ni nani basi aliyelitunga neno "chetu"? Kalamu ni ya mshairi, lakini haja ilitoka katika mahadhi, na mahadhi yaliletwa na mwimbaji. Hapo ndipo palipo kiini cha jambo hili. Ushirika wa utunzi si kugawana beti, wewe mbili na mimi mbili. Ni hali ambayo maneno fulani hayangalizaliwa kama mmoja wa wawili hao hangalikuwapo.

Iko mifano midogo zaidi. Silabi "m" iliyosimama peke yake, kama katika "mtu", huhesabiwa mizani kamili katika shairi, na ni haki. Lakini haina irabu ya kuvutika. Mahadhi yakiweka mvuto juu yake, mwimbaji hulazimika ama kuvuma kwa midomo iliyofumbwa ama kupenyeza irabu ndogo ya "u". Mtunzi wa diwani hana sababu ya kulifikiri jambo hili. Mtunzi wa nyimbo asipolifikiri atarudishiwa karatasi yake.

Lawama zisizo haki

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alilitazama shairi kuwa ni kitu cha kuimbwa. Waliomfuata walishika sana hesabu zake za mizani na vina, wakalegeza lile la kuimba. Matokeo yake yaonekana katika namna nyimbo zinavyonakiliwa. Mtafiti husikiliza kanda, huandika anachosikia, kisha huhesabu. Hukuta mshororo wenye mizani kumi na saba, au kumi na nne. Hukuta kipande kimerudiwa mara tatu. Hukuta "ee" na "jamani" na "wallahi" zisizo na mahali katika ubeti. Kisha huandika kwamba mtunzi alikuwa dhaifu katika kanuni, au kwamba taarab imeuharibu ushairi.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Alichonakili si shairi la mtunzi. Ni wimbo wa mwimbaji uliojengwa juu ya shairi hilo. Mwimbaji ameongeza pale mahadhi yalipobaki matupu, na amemeza silabi pale yalipojaa. Kama karatasi ya mtunzi ingalipatikana, huenda ingalionekana kuwa mizani ilitimia toka mwanzo hadi mwisho. Mshairi aliyekosolewa hivyo hana njia ya kujitetea, hasa akiwa amekwisha kufariki, na sifa yake hubaki na doa ambalo lilitoka katika wino wa mwingine.

Liko kosa la upande wa pili pia. Wako washairi, na wahakiki walio pamoja nao, wanaoamini kuwa shairi limekamilika siku lilipoandikwa, na kwamba kila anachofanya mwimbaji baada ya hapo ni hasara. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, ni jibu lililo hai kwa madai hayo, ijapokuwa mwenyewe hayupo tena. Mtu huyu wa bahari, ambaye elimu yake ya darasa ilikuwa ya chuo cha Kurani, alitunga kwa ajili ya ngoma na taarab, na tungo zake zikakusanywa katika diwani ya Kimbunga, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Diwani hiyo ilimtia katika hesabu ya wasomi, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini nguvu za fumbo lake hazikufundwa kitabuni. Zilifundwa mahali ambapo watu husikia mara moja tu, hawana ukurasa wa kurudia, na wasipolishika neno hugeuka wakazungumza mambo mengine. Mtunzi aliyelelewa na wasikilizaji wa namna hiyo amepata mwalimu mkali kuliko mhariri yeyote.

Ushirika na biashara

Yafaa pia kutazama mahali ambapo ushirika huu umepotoka. Tangu miaka ya 1990, taarab iitwayo ya kisasa, na mashindano ya vikundi vya Dar es Salaam kama Tanzania One Theatre na Muungano, viliuongezea utunzi mshirika wa tatu, naye ni msikilizaji mwenye kutuza. Mwanamke huinuka katika mshororo unaomgusa hasimu wake, akaenda mbele na noti mkononi, akaunyosha mkono wake upande wa yule anayekusudiwa. Kwa muda ule maneno ni yake. Hakuyatunga wala hakuyaimba, bali ameyapa mtu wa kumwangukia, na bila mtu huyo mpasho haujakamilika.

Wahakiki wengi wameulaumu mpasho kwa ukali wa maneno yake. Lawama hiyo haigusi shina. Ukali ni wa zamani katika ushairi wa pwani, na washairi wa kale walitukanana kwa beti zinazosomwa leo kwa heshima. Kilichopungua ni fumbo. Mwenye kutungisha ambaye amelipa ataka hasimu wake ajijue bila shaka, na wajuaji wengine wajue pia. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kulifumbua alilotaka kulifumba. Wimbo uliofumbuliwa hivyo huwa wa mtu mmoja na wa ugomvi mmoja. Ugomvi ukipoa, wimbo huachwa. Wimbo wa fumbo waweza kuchukuliwa na kila mwenye jeraha, na ndiyo maana waishi.

Si haki, hata hivyo, kusema kuwa fedha ndiyo iliyoharibu, au kwamba mtunzi wa kulipwa ni duni kwa mtunzi wa mapenzi. Kutungia watu kwa malipo ni kazi kama useremala, na hakuna anayelaumu mlango kwa kuwa fundi alilipwa. Kipimo kifaacho ni kingine: je, kila upande una haki ya kukataa? Mwimbaji aweza kumrudishia mtunzi neno lisilokaa kinywani? Mtunzi aweza kumwambia mwenye kisa kwamba jambo hili halisemwi hivi? Palipo na haki hizo mbili pana ushirika, hata kama fedha imepita. Zisipokuwapo, kilichobaki ni kuagiza na kuagizwa, na utungo utakaotoka utafanana na barua ya madai iliyotiwa vina.

Majina na haki zake

Jambo hili lina upande wake wa sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na sheria ya Zanzibar ya mwaka 2003 iliyofuata, zimeutambua utunzi kuwa mali ya mtunzi. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyetajwa. Wimbo wa zamani unapopigwa upya, ukaingia katika redio na katika mitambo ya leo ya kusambazia nyimbo, jina linaloandamana nao aghalabu ni la mwimbaji au la kikundi. Mjukuu wa mtunzi huusikia wimbo wa babu yake ukipigwa arusini, akajua ni wa babu yake, na hana hati hata moja ya kuonyesha. Hati ambayo ingalimfaa ni ile ambayo mtafiti angaliweza kuiandika alipokuwa ameketi na wazee, lakini hakuiandika kwa kuwa alikuja kutafuta vina.

Kwa hiyo kwa kila wimbo unaonakiliwa yafaa yaandikwe mambo manne pasipo kukosa: mwenye maneno, mwenye mahadhi, mwimbaji, na mahali na mwaka wa kuimbwa. Pale ambapo mmoja wa hao hajulikani, iandikwe wazi kuwa hajulikani, maana nafasi tupu humwalika mtafiti wa kesho kuuliza, na jina lisilo lake humfunga mdomo. Yafaa pia utungo uandikwe mara mbili, kama ulivyotungwa na kama ulivyoimbwa, kwa kurasa zinazotazamana. Tofauti za kurasa hizo mbili si makosa ya kusahihishwa. Ndizo alama za mazungumzo yaliyopita baina ya mwenye maneno na mwenye sauti, na ni hapo, kuliko mahali pengine popote, ambapo mwanafunzi wa lugha aweza kuona Kiswahili kikifanya kazi baina ya watu wawili.

Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Yahitaji subira, na yahitaji kufanywa upesi, kwa kuwa watunzi wengi wa nyimbo hawakuwa na diwani. Maneno yao yaliandikwa katika daftari za shule, au katika karatasi iliyokunjwa na kutiwa mfukoni mwa mpiga udi. Mengine hayakuandikwa kabisa, bali yalitajwa mara mbili tatu mpaka mwimbaji akayashika. Mwimbaji anapofariki, kanda yabaki. Anapofariki mtunzi asiyetajwa, hata swali la nani alitunga hufariki pamoja naye, na wimbo huendelea kuimbwa kama mtoto wa watu wote, asiye na mtu wa kumlilia.